Jelatini ya ng'ombe kwenye jeli: ni halali? Na nitumie nini badala yake?

BintiTanga

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaojua, kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni hukumu. Pakiti ya jelatini inayouzwa huku imeandikwa "beef gelatin" tu, haina muhuri wowote wa halali. Nyingine imeandikwa "kosher", yaani chakula kinachoruhusiwa kwa Wayahudi. Muuzaji anasema zote ni sawa maadamu hazina nguruwe. Ni kweli?

La pili ni la jikoni. Nina oda ya futari ya watu 60: vikombe vya jeli vya tabaka tatu (maziwa, nanasi na rozela), pamoja na keki ya jibini isiyookwa. Mapishi yote niliyonayo ni ya jelatini, gramu 7 kwa nusu lita. Nimejaribu agari ya unga (kigandishi kinachotokana na mwani) kwa kipimo kilekile. Maziwa yamekuwa magumu kama kifutio, rozela haikuganda hata kidogo, tabaka zimeachana nilipoinamisha kikombe, na keki ya jibini imejaa chembechembe. Vikombe vitakaa mezani bila friji kama saa nzima. Nimekosea wapi?

---

AbuShaaban

Wa alaykumu salaam, dada. Nianze na hukumu, la jiko nawaachia wapishi.

Muuzaji amekujibu nusu ya swali. Kujua kwamba si nguruwe ni hatua ya kwanza tu. Jelatini ni protini inayotolewa kwenye kolajeni ya ngozi na mifupa ya mnyama kwa kuloweka katika asidi au chokaa kisha kuchemsha. Kwa hiyo ng'ombe yule lazima awe amechinjwa kisharia. Asipochinjwa ni nyamafu, na nyamafu imetajwa pamoja na damu na nyama ya nguruwe katika aya ileile, Al-Maida aya ya 3. Wako wanaoegemea aya ya 5 ya sura hiyohiyo, kwamba chakula cha Waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Lakini ngozi zinazopelekwa kiwandani hukusanywa kutoka machinjio mengi, hata nchi nyingi, zikachanganywa kwenye pipa moja. Nani amechinja na kwa namna gani, pakiti haiwezi kukwambia. Neno "beef" bila muhuri halithibitishi chochote.

Sasa, utasikia mtu akisema jelatini yote ni halali kwa sababu ya istihala, yaani kitu najisi kugeuka kikawa kitu kingine kabisa, kama mvinyo unavyogeuka siki. Si maneno ya kubuni, yana wanazuoni nyuma yake. Madhehebu ya Hanafi na Maliki yanaipa istihala nafasi pana, na mfano mashuhuri wa Hanafi ni mnyama aliyeangukia kwenye machimbo ya chumvi mpaka akawa chumvi. Kikao cha wanazuoni na madaktari kilichofanyika Kuwait mwaka 1995, chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, kilisema jelatini iliyotokana na mifupa na ngozi za mnyama najisi imekwisha kugeuka, ni twahara na inaliwa.

Upande wa pili, Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sharia, ilipokutana Amman mwaka 1986 ilisema kinyume katika azimio lake la 23: Muislamu haruhusiwi kutumia jelatini ya nguruwe katika chakula, na ile ya mimea au ya mnyama aliyechinjwa kisharia inatosha. Na sisi wa pwani wengi wetu ni Shafi. Kwa Shafi mlango wa istihala ni mwembamba: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi ya nyamafu iliyodibaghiwa, yaani iliyosafishwa kwa dawa za ngozi (si ya mbwa wala nguruwe), na machache mengine.

Kuna jambo la kisayansi ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Jelatini haikugeuka kiasi hicho. Minyororo ya kolajeni imekatwa vipande na kufumuliwa, lakini mpangilio wa vijenzi vyake umebaki, na ndiyo maana maabara zenye vifaa vizuri zinaweza kuchambua vipande hivyo na kutambua kama ni vya nguruwe au ng'ombe. Kitu ambacho bado kinamtaja mama yake ni vigumu kusema kimekuwa kitu kingine. Kwa futari ya watu 60 ambao hujui kila mmoja anafuata rai ipi, usiwatwishe hilo.

Kuhusu "kosher": haimaanishi halali. Marabi nao wamekhitalifiana juu ya jelatini. Wapo wanaokubali ya samaki tu au ya ng'ombe aliyechinjwa kwa utaratibu wao, na wapo waliolegeza zaidi kwa hoja kwamba mfupa mkavu si nyama tena. Herufi K ikiwa peke yake haiegemei taasisi yoyote moja, kiwanda chochote chaweza kuichapa.

Iliyo salama ni jelatini ya samaki, maana mfu wa baharini ni halali, au ya ng'ombe yenye muhuri wa chombo kinachojulikana, kama JAKIM ya Malaysia au Kenya Bureau of Halal Certification. Ukisoma lebo, jelatini huandikwa kwa jina lake, na mara chache kwa namba ya kiungio, 441 au 428. Bidhaa za India zina alama ya lazima: kitone cha kijani ndani ya mraba ni bidhaa isiyo na nyama, samaki wala yai, kwa hiyo haina jelatini. Kitone hicho hakisemi lolote kuhusu pombe kwenye viungo vya harufu. Hilo lisome peke yake.

---

MamaFaluda

Dada BintiTanga, kosa lako ni moja, na limezaa yote manne: umeitendea agari kama jelatini. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Jelatini huyeyuka kwenye maji ya moto ya kawaida, huganda kwenye baridi, na huyeyuka tena mdomoni. Agari lazima itokote. Chini ya nyuzi 85 haiyeyuki yote, inabaki imevimba tu. Ikishayeyuka huanza kuganda ikishuka karibu na nyuzi 40, hata bila friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka uirudishe nyuzi 85. Kwa joto la Tanga hii ni neema. Jeli ya jelatini huanza kulegea karibu na nyuzi 30, ya agari itakaa mezani saa nzima imesimama.

Kipimo. Gramu 7 kwa nusu lita ni asilimia 1.4, na agari ya unga kwa kikombe cha kula na kijiko inataka kati ya asilimia 0.6 na 0.9. Umetia mara mbili. Tumia mizani, si kijiko, kwa sababu unga wa kampuni moja ni mwepesi na wa nyingine mzito. Ile ya nyuzi nyeupe ndefu, chaina grasi yetu ya faluda, ni dhaifu kuliko unga: gramu 10 kwa lita moja ya maziwa, iloweke nusu saa, ikatekate, ichemshe kwenye maji mpaka usione uzi hata mmoja, kisha ichuje.

Sasa oda yako. Nachukulia kikombe cha mililita 150, kila tabaka mililita 50, basi kila tabaka ni lita 3. Agari ya unga: maziwa gramu 18, nanasi gramu 21, rozela gramu 27. Jumla gramu 66. Nunua 80, za majaribio na marekebisho zimo.

Maziwa. Usimwage unga kwenye maziwa ya moto, utapata madonge. Changanya unga na maji baridi nusu lita, acha dakika 5 ulainike, kisha weka motoni huku unakoroga. Ukianza kutokota hesabu dakika 2 kamili. Pembeni uwe na maziwa lita 2 na nusu yaliyochemka na sukari (gramu 300 hadi 350, kwa kuwa kitu baridi hupoteza utamu mdomoni), iliki iliyotwangwa na kungumanga kidogo. Mimina agari ndani ya maziwa ya moto, si maziwa ndani ya agari, koroga dakika moja motoni, chuja. Maji ya waridi au arki nyingine tia mwisho moto ukishazimwa, la sivyo harufu yote inakwenda na mvuke.

Rozela ndiyo iliyokushinda, na sababu ni uchachu. Asidi ikichemka pamoja na agari huikatakata, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyokufa. Ukwaju, ndimu na pasheni ni vilevile. Usizichemshe pamoja kamwe. Chemsha rozela peke yake, nzito, upate lita 1.8 baada ya kuchuja, na iwe na joto la kama nyuzi 55. Agari gramu 27 ichemshe kwenye maji lita 1.2 na sukari yote, dakika 3. Itakuwa nzito kama uji mwepesi, koroga chini isishike. Zima moto, subiri mvuke upungue, kisha changanya. Mchanganyiko utakuwa karibu nyuzi 70, unamiminika vizuri, na asidi haina muda wa kuharibu. Rozela ikiwa baridi kutoka friji, agari itashtuka na kuganda vipandevipande palepale.

Nanasi lina tatizo lake jingine. Kimeng'enya kilichomo kwenye nanasi bichi hula protini. Jelatini ni protini, ndiyo maana jeli ya jelatini yenye nanasi bichi haigandi kamwe. Agari si protini, kimeng'enya hakiigusi, kwa hiyo wengi husema tumia nanasi bichi bila wasiwasi. Kwenye tabaka peke yake ni kweli. Lakini wewe unaliweka juu ya maziwa, na maziwa ni protini: pale yanapogusana yataanza kuwa machungu na kutoa maji. Chemsha juisi ya nanasi dakika 5 kwanza, engua povu, ipoe hadi nyuzi 50 hivi. Agari gramu 21 kwenye maji lita 1, dakika 2 za kutokota, kisha changanya na juisi lita 2. Papai, kiwi, tini na tangawizi mbichi zina tabia hiyohiyo.

Mpangilio: maziwa chini, nanasi katikati, rozela juu. Usiweke rozela juu ya maziwa moja kwa moja. Wekundu wake hupenda uchachu, ukikutana na maziwa mstari wa katikati hugeuka zambarau ya kijivu, unaonekana kama kitu kilichoharibika.

Tabaka zako zimeachana kwa sababu ya chini ilishaganda kabisa. Agari ikishakauka juu haishikani na inayofuata. Gusa kwa kidole: utando uwe umeshika, unanata kidogo, na kikombe ukikitikisa bado kinacheza. Hapo mimina ya pili ikiwa nyuzi 60 hadi 65, juu ya mgongo wa kijiko isitoboe. Vikombe 60 havingojani, kwa hiyo sufuria ya tabaka linalosubiri iwe ndani ya maji ya moto, isishuke chini ya nyuzi 50, vinginevyo itakugandia sufuriani. Ukichelewa na tabaka la chini limekuwa gumu, likwaruze kwa uma, futa unyevu wake kwa karatasi ya jikoni, halafu mimina.

Kabla ya kumimina lolote fanya jaribio la sahani: kijiko kimoja kwenye kisosi kilichokaa friji, dakika 3. Kikikatika kavu, ongeza kimiminika kwenye sufuria. Kikilala, chemsha gramu 2 au 3 za agari kwenye maji kidogo na uongeze ya moto. Kwa maziwa unaweza hata kurudisha sufuria motoni, kwa rozela usirudishe.

---

Krimu_na_Unga

Naongeza la keki ya jibini, maana hapo agari huwatesa hata wazoefu. Chembechembe zako ni agari iliyogandia ndani ya krimu baridi kabla hujamaliza kukoroga. Jelatini inakupa muda, agari ikishuka chini ya nyuzi 40 imekwisha.

Kuna njia mbili, chagua moja.

Ya kwanza, ya keki ya kukata. Usipige krimu. Jibini laini gramu 500, krimu mililita 250 na sukari gramu 120 zipashe pamoja kwenye bakuli juu ya mvuke mpaka nyuzi 45, huku unakoroga zisiwe na madonge. Agari gramu 5 kwenye maji mililita 150, itokote dakika 2. Mimina kwa uzi mwembamba huku mchapo unazunguka bila kusimama. Ndimu vijiko 2 vya chakula tia mwisho kabisa. Mwaga papo hapo kwenye chombo chenye biskuti zilizopondwa. Itakuwa nzito na laini, inakatika safi. Ukitaka kupiga krimu kwa njia hii haitawezekana: krimu iliyopigwa ikikutana na joto la nyuzi 45 inaanguka, na ukipunguza joto agari inaganda. Huwezi kupata vyote viwili.

Ya pili, ya vikombe, ndiyo naipenda zaidi. Acha mchanganyiko huo wa jibini na agari (bila krimu) ugande kabisa kwenye friji, ukiwa mgumu. Kisha uusage kwenye blenda mpaka uwe laini kama losheni. Haugandi tena kuwa kipande kimoja, unabaki mzito na mtulivu. Hapo sasa kunja ndani yake krimu baridi iliyopigwa. Unapata kitu chepesi chenye hewa, bila jelatini, na hakitoi maji haraka. Haikatiki kwa kisu, hivyo ni ya kijiko tu.

Kama huna blenda nzuri tumia konflawa. Gramu 80 kwa lita 1 ya maziwa, ipikwe dakika 2 baada ya kuanza kutokota ili ladha ya unga iondoke. Haing'ai, lakini haina hila yoyote.

---

MwaniPaje

Nawashangaa watu wa pwani kuagiza vya kugandishia kutoka mbali wakati mwani uko mlangoni. Zanzibar unalimwa tangu mwaka 1989, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya akina mama wa pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na kwingineko. Mwani wetu si wa agari, tuelewane. Agari hutoka kwenye mwani wa jamii nyingine. Wetu, wa aina za spinosumu na kotoni, hutoa karajinani, ambayo kwenye pakiti ni namba 407, na iliyosafishwa kidogo tu ni 407a. Agari ni 406. Zote mbili ni mmea mtupu, hazina mjadala wa kuchinja.

Zinatofautiana hivi. Karajinani ya kotoni huganda ngumu na yenye kukatika, na hupenda potasiamu. Ya spinosumu huganda laini, yenye kunyumbuka, na hupenda kalsiamu. Maziwa yana kalsiamu na protini zinazoishika, kwa hiyo kiasi kidogo sana kinatosha: gramu 2 hadi 3 za unga wa karajinani ya spinosumu kwa lita 1 ya maziwa, hupata kitu kama kastadi kinachotetemeka, karibu zaidi na jelatini mdomoni kuliko agari. Kwa tabaka la maziwa la dada hapo juu ningechagua hii. Tatizo ni kwamba huwezi kuimwagia tabaka la nyuzi 65, itayeyuka juu na kuchanganyika, kwa kuwa huyeyuka kwa joto la chini kuliko agari. Basi iwe ndiyo tabaka la juu kabisa, au iwe peke yake.

Ukitaka kutumia mwani mkavu wenyewe: gramu 25 za spinosumu kwa lita 1. Osha mara nne au tano kwa maji baridi huku unausugua, mchanga hukaa kwenye matawi na chumvi ni nyingi. Loweka usiku kucha, ukibadilisha maji mara mbili. Ukivimba, unakuwa mwangavu na hauna harufu kali ya bahari, uko tayari. Ukatekate, uchemshe kwenye maziwa au maji kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30, uchuje kwa kitambaa ungali wa moto na ukamue. Ukipoa hauchujiki tena. Iliki, mdalasini au tangawizi iliyopikwa humaliza harufu iliyobaki. Usitie ndimu wakati unachemka, uchachu huikata karajinani vilevile, tena vibaya zaidi kuliko agari.

Mwani ununue kwa mkulima, uliokaushwa juu ya chanja au mkeka. Ule uliotupwa ufukweni na mawimbi usiokote, umekwisha kuanza kuoza na umechanganyika na aina nyingine.

---

Mla_Mboga

Swali la nyongeza kutoka kwa Msabato asiyekula nyama kabisa. Jeli ya rangi ya pakiti ambayo nyuma imeandikwa 407 na 410, hiyo kwangu ni salama? Na kama pakiti imeshatupwa na jeli iko mezani, kuna njia ya kujua kama ni jelatini?

---

AbuShaaban

Ndugu Mla_Mboga, 407 na 410 ni mwani na mbegu za kharubu, zote mimea. Angalia rangi: namba 120 ni wekundu unaotokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa, na hupatikana sana kwenye jeli na peremende nyekundu. Kwako haifai, na kwetu pia wengi wanaikataa. Namba 471 ni mafuta yaliyochakatwa, yaweza kuwa ya mmea au ya mnyama. Isipoandikwa kuwa ni ya mmea, muulize mtengenezaji.

Kujua jeli iliyo mezani, chukua kipande na ukiweke kwenye maji ya nyuzi 45, yaani ya moto ambayo mkono unavumilia. Jelatini itayeyuka yote kwa dakika chache, agari itabaki kipande. Njia ya pili, weka kipande cha nanasi bichi au papai bichi juu ya jeli kwenye friji. Baada ya saa chache, kama ni jelatini, chini ya tunda patakuwa na maji. Jeli za karajinani nyingine huyeyuka kwenye maji ya moto pia, kwa hiyo jaribio la nanasi ni imara zaidi. Lakini hakuna jaribio la nyumbani litakalokwambia jelatini ni ya nguruwe, ng'ombe au samaki. Hilo ni la maabara tu.

---

BintiTanga

Allah awalipe kheri nyote. Leo nimefuata ya MamaFaluda kwa lita moja moja. Maziwa na nanasi yako vizuri. Rozela imeganda, lakini baada ya saa tatu friji kuna maji juu yake, kama kijiko kimoja kwa kila kikombe. Ni kawaida?

---

MamaFaluda

Ni kawaida ya agari, dada. Ikikaa hujikaza na kukamua maji. Kijiko kizima ni kingi kidogo kwa saa tatu, tazama mambo haya. Vikombe visifunikwe vikiwa vya moto, mvuke huganda kwenye kifuniko na kurudi juu kama maji. Acha vipoe wazi nusu saa, kisha funika. Usigandishe kwenye friza hata kwa dakika kumi ukitaka kuharakisha, barafu huvunja jeli na maji yote hutoka. Ongeza sukari ya rozela kidogo, gramu 120 kwa lita badala ya 100, sukari hushika maji. Na kama rozela yako ni chachu sana, punguza wingi wa rozela na ujaze maji, kisha ubaki na gramu 9 za agari kwa lita.

Panga kazi hivi: juisi ya nanasi na rozela zichemshwe siku moja kabla, zikae friji, zipashwe moto siku yenyewe. Jeli imiminwe asubuhi ya siku ya futari, si usiku uliotangulia. Tabaka tatu za vikombe 60 zinachukua kama saa mbili na nusu ukiwa na msaidizi wa kumimina. Toa friji dakika 15 kabla ya magharibi, mwaga maji yaliyo juu kwa kuinamisha kikombe, kisha tia lozi zilizokatwa. Jeli itasimama hata saa tatu, ila maziwa hayana subira hiyo: kilichobaki mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto hili kisirudi friji.